ESP32 inajizima kila servo inapozunguka: volti zinapotelea wapi?

*Swali: Nina bodi ya ESP32, ile kompyuta ndogo yenye waifai, inayoendesha servo mbili ndogo za SG90 (mota zinazogeuka hadi pembe unayoamuru) na relei moja ya volti 5 inayowasha pampu ya maji. Nikiichomeka kwenye kompyuta bila servo, haina tatizo. Nikiunganisha servo inajizima na kujiwasha mfululizo, na kwenye skrini naona "Brownout detector was triggered". Nilijaribu betri ya mstatili ya volti 9 kwenye pini ya VIN, ile ya kuingizia umeme: taa inawaka lakini waifai haishiki. Nikajaribu adapta ya volti 12: ilikwenda dakika chache, kisha kichipu fulani chenye miguu mitatu kikawa moto hadi hakigusiki. Mwenzangu mmoja ananiambia niongeze mstari wa kuzima hiyo brownout. Mwingine anasema chaja ya ampea 3 itaunguza bodi. Nikipima kwa multimita naona volti 5 kamili. Je, bodi imekufa? Ninunue nini?*

Ndugu msomaji, kwa maelezo yako bodi ni nzima, au ilikuwa nzima kabla ya zile volti 12. Mambo yote uliyoyaeleza, yaani kujizima, waifai kugoma na kichipu kuwa moto, yanatokana na umeme unaoifikia bodi, na unaweza kuyachunguza mwenyewe kwa multimita hiyohiyo uliyonayo. Ila hizo volti 5 ulizozisoma zisikutulize. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tumalize suala la ule ujumbe kwenye skrini, maana ushauri uliopewa juu yake una hatari.

Moyo wa ESP32 hautumii volti 5. Unatumia volti 3.3, na kiwango chake salama ni kati ya 3.0 na 3.6. Ndani yake mna kigunduzi, ndicho hicho "brownout detector" ulichokiona kwenye skrini, kinachoangalia volti hizo muda wote, na zikishuka mno kinaisimamisha bodi na kuiwasha upya. Kwa mpangilio wa kawaida wa ESP32 ya kwanza, kigunduzi hicho huchukua hatua volti zikikaribia 2.4. Tafakari hapo kidogo: ujumbe unapotokea, njia ya volti 3.3 imeshapoteza karibu volti nzima. Hilo ni anguko, tena kubwa. Ukikizima kigunduzi kwa mstari ule wa programu, volti zitaendelea kuanguka vilevile, ila sasa bodi itaendelea kukimbia huku kumbukumbu yake inasomwa na kuandikwa kwa umeme usiotosha. Matokeo yake ni bodi inayoganda bila sababu, mipangilio inayopotea, na mara nyingine programu iliyohifadhiwa kuharibika hadi uipakie upya. Relei inaweza kubaki imewasha pampu huku bodi imeganda. Uache mstari huo kabisa.

Sasa tuhesabu. Redio ya waifai hairushi mawimbi kwa mfululizo, bali kwa mipigo mifupi, na katika mpigo mmoja ESP32 inaweza kuvuta karibu miliampea 240. Watengenezaji wake wanashauri chanzo chenye uwezo wa miliampea 500 au zaidi kwa bodi peke yake, kwa hiyo shika namba hiyo. Servo moja ya SG90 ikizunguka bila mzigo huvuta kati ya miliampea 100 na 250, lakini inapoanza kuzunguka, au inapozuiwa, hufika karibu 700. Ziko mbili, na programu yako pengine inaziamuru kwa wakati mmoja, hivyo hesabu 1400. Koili ya relei ya kawaida ya volti 5 ina ukinzani wa omu 70 hivi, kwa hiyo inavuta miliampea 70. Jumla yake ni karibu ampea 2 kwa sekunde ile mbaya kuliko zote, na pampu sijaihesabu bado.

Tundu la USB 2.0 la kompyuta linaahidi miliampea 500. La USB 3.0 linaahidi 900. Ndiyo maana bila servo hali ni shwari na ukiziunganisha bodi inaanguka.

Kuhusu chaja ya ampea 3: haitaunguza kitu, mradi ni ya volti 5. Volti ndizo zinazosukumwa na chanzo, lakini ampea huvutwa na kifaa kadiri kinavyohitaji. Kisima kikubwa hakimlazimishi mtu kuchota ndoo nyingi. Namba ya ampea kwenye chaja ni kikomo cha uwezo wake, na kikomo kikiwa juu zaidi ya mahitaji yako ndivyo chaja inavyofanya kazi bila kuhemewa. Kinachounguza bodi ni volti zilizozidi, chanya na hasi kubadilishana nafasi, au shoti.

Tuje kwenye ile betri ya volti 9. Ni betri ya vitu vinavyovuta umeme kidogo sana, kama king'ora cha moshi au multimita yenyewe. Ndani yake mna seli sita ndogo mno zilizopangwa mfululizo, na kila moja ina ukinzani wake. Betri mpya ya alkali inaweza kuwa na omu moja hadi mbili kwa jumla. Ile ya bei nafuu ya kaboni na zinki ina zaidi, na ukinzani huo huongezeka kadiri inavyotumika. Ivute ampea moja uone: volti moja au mbili, au hata zaidi, zinaliwa ndani ya betri kabla hazijatoka nje. Isitoshe, uwezo wake wote ni karibu miliampea-saa 500, tena ikivutwa polepole. Wewe uliona taa inawaka ukadhani umeme upo. Taa ile inahitaji miliampea chache tu na itawaka hata kwa betri iliyo hoi. Kwa hiyo taa ya bodi isikushawishi kuwa umeme unatosha; inathibitisha tu kwamba waya haujakatika.

Adapta ya volti 12 ilikuwa na nguvu ya kutosha, ila iliumiza mahali pengine. Kile kichipu chenye miguu mitatu na kibao kipana cha chuma ni kidhibiti volti. Kwenye bodi nyingi za aina hii ni AMS1117-3.3. Kazi yake ni kushusha volti zinazoingia hadi 3.3, na hufanya hivyo kwa njia moja tu: tofauti yote kinaigeuza joto. Ikiwa bodi inavuta miliampea 250 na umeiingizia volti 12, tofauti ni 8.7, na joto lake ni 8.7 mara 0.25, yaani zaidi ya wati 2. Kifuniko kidogo namna ile, kikiwa hakina eneo kubwa la shaba la kukipoza, hupanda takribani nyuzi 90 kwa kila wati. Hesabu inakupeleka karibu nyuzi 200, na kabla ya kufika huko kinga yake ya ndani inakata umeme. Kikipoa kidogo kinarudisha, kinapata moto tena, kinakata tena. Hizo ndizo dakika chache ulizozipata. Kwa volti 5 hesabu hiyohiyo inatoa 1.7 mara 0.25, yaani wati 0.4 na ushee: joto unaloweza kulivumilia kwa kidole.

Na hapa kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini nina wasiwasi nalo. Waya mwekundu wa servo uliuchomeka wapi ulipoweka volti 12? Kwenye bodi nyingi za ESP32, pini ya VIN, ambayo wengine huiandika 5V, ni njia moja tu isiyopita kwenye kidhibiti chochote. Ukiipa volti 12, chochote kilichounganishwa hapo kinapata volti 12. SG90 imetengenezwa kwa volti 4.8 hadi 6. Kabla hujailaumu bodi kwa lolote, zijaribu servo zako moja moja kwa volti 5 safi. Ikiwa mojawapo inatetemeka bila kuamriwa, inapata moto ikiwa imetulia, au haizunguki, hiyo inavuta umeme ovyo na itaiangusha bodi hata ukinunua adapta gani. Relei nayo ilipata adhabu ileile. Sikiliza kama bado inabonyea kwa sauti kavu.

Sasa vipimo. Multimita yako ilikuonyesha volti 5 kwa sababu mojawapo kati ya tatu, na mara nyingi zote tatu zinakuwepo pamoja. Ulipima wakati servo zimetulia. Au ulipima kwenye ncha ya adapta badala ya kwenye pini za bodi. Au volti zilianguka kweli, lakini kwa milisekunde chache tu, na multimita ya kawaida hubadilisha namba zake mara mbili au tatu tu kwa sekunde, kwa hiyo inakuonyesha wastani na kulimeza anguko lote.

Pima hivi. Andika programu fupi ya kuzungusha servo zote mbili huku na huku bila kupumzika, na waifai iwe imewashwa. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye pini ya GND (yaani hasi) ya bodi yenyewe, na nyekundu kwenye pini ya 5V au VIN ya bodi yenyewe. Gusa chuma cha pini, usiguse waya uliochomekwa wala tundu jirani la bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuunganishia nyaya bila kulehemu. Subiri servo zizunguke, kisha shika mkono wa servo moja kwa vidole uuzuie kidogo, sekunde moja au mbili tu kwa sababu gia zake ni za plastiki, na uangalie namba. Ikibaki juu ya 4.75, njia ya umeme ni nzuri. Ikishuka hadi 4.5 na chini, umeshampata mhalifu, kwa sababu AMS1117 inahitaji volti 1.1 hadi 1.3 juu ya zile inazozitoa. Chini ya 4.5 haiwezi tena kushikilia 3.3, na mpigo wowote wa waifai unaimalizia. Kama multimita yako ina kitufe cha MIN/MAX, kitumie kukamata namba ya chini kabisa. Mwenye osiloskopu ataona shimo lenyewe likichimbika kila servo inapoanza.

Namba ikishuka kwenye bodi, pima pia kwenye ncha ya adapta huku servo zinazunguka. Kama na huko zimeshuka, adapta ndiyo dhaifu, hata kama lebo yake imeandikwa ampea kubwa. Kama huko zipo 5.1 na kwenye bodi 4.5, basi 0.6 zimepotelea njiani, na hapo kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakikisii. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya adapta na nyingine kwenye GND ya bodi. Hizo ni ncha mbili za njia moja, kwa hiyo multimita inatakiwa isome karibu sifuri. Ukiona zaidi ya volti 0.1 wakati servo zinazunguka, njia hiyo inakula umeme. Rudia upande wa chanya. Halafu fupisha umbali: nusu ya njia, robo ya njia, hadi ufike kwenye kiungo chenyewe kinachokula.

Mara nyingi utaishia kwenye moja ya sehemu mbili. Ya kwanza ni kebo ya USB. Nyingi zina nyaya za umeme nyembamba za 28AWG (AWG ni kipimo cha unene wa waya: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba). Namba hiyo wakati mwingine imechapwa kwenye ganda la kebo, isome. Waya wa namba hiyo una ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa kila mita. Kebo ya mita 1.5 ina njia ya kwenda na ya kurudi, yaani mita 3, omu 0.64. Ikipitisha ampea 0.7 tu, imeshakula volti 0.45. Ongeza karibu volti 0.3 za dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ambayo bodi nyingi zinayo kati ya tundu la USB na njia ya volti 5, na ile 5.0 ya kompyuta imefika kwenye kidhibiti ikiwa 4.25. Kebo fupi ya nusu mita yenye waya wa 24AWG au mnene zaidi inaweza kumaliza nusu ya tatizo bila kununua kingine chochote.

Sehemu ya pili ni bredibodi. Vishikizo vyake vimetengenezwa kwa ishara na mikondo midogo, na vikishachomekwa waya mnene mara moja hulegea. Umeme wa servo usipite humo. Tena angalia zile reli ndefu za pembeni: kwenye bredibodi nyingi za urefu kamili zimekatika katikati, na mstari wa rangi uliochorwa kando una pengo dogo hapo linaloonyesha hivyo. Watu wanahangaika siku nzima kwa sababu ya pengo hilo.

Onyo moja kuhusu multimita. Vipimo vyote hivi ni vya volti, waya mwekundu wa multimita ukiwa kwenye tundu la V. Ukiuhamishia kwenye tundu la 10A kupima mkondo kisha ukasahau, ukagusa chanya na hasi za adapta, umeziunganisha kwa shoti. Ukimaliza kupima mkondo rudisha waya kwenye V hapohapo.

Iache pia bodi ikusaidie kujieleza. Mwanzoni mwa programu chapisha jibu la esp_reset_reason(), amri inayotaja kwa nini bodi ilijiwasha upya. Ukipata ESP_RST_BROWNOUT, ni umeme, endelea na safari hii. Ukipata ESP_RST_PANIC au ESP_RST_TASK_WDT, kwa kawaida programu ndiyo yenye kosa, na hakuna adapta itakayokuponya. Kipimo kingine cha haraka: baada ya kuwasha waifai, punguza nguvu ya redio kwa WiFi.setTxPower(WIFI_POWER_8_5dBm). Kama kujizima kunapungua sana, umethibitisha kwamba umeme uko ukingoni. Uitumie hivyo kama kipimo, kisha uondoe.

Wengi watakuambia weka kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuuachia haraka. Ni ushauri mzuri, ila fahamu mipaka yake. Kapasita ya mikrofaradi 1000 ikitoa nusu ampea kwa milisekunde moja, volti zake hushuka kwa 0.5. Kwa hiyo inaziba shimo la milisekunde moja au mbili, kama mpigo wa waifai au mshtuko wa servo inapoanza. Servo iliyozuiwa kwa nusu sekunde itaimaliza mara nyingi sana kabla haijaachiliwa. Iweke, ya volti 10 au 16, karibu kabisa na mahali waya za servo zinapoungana, si upande wa adapta. Mguu mfupi wenye mstari ni hasi. Ukigeuza, kapasita inavimba na inaweza kupasuka. Ongeza na ndogo ya nanofaradi 100 karibu na bodi kwa ajili ya kelele za kasi. Ila usiichomeke hiyo kubwa kwenye njia inayolishwa na tundu la kompyuta: kanuni za USB zinaruhusu mikrofaradi 10 tu upande wa kifaa, na kubwa zaidi huvuta mkupuo unaoweza kufanya tundu lijikate.

Ninachokushauri kununua ni adapta moja ya volti 5 ampea 3, yenye plagi ya duara, pamoja na kiunganishi chake chenye skrubu. Kwenye skrubu hizo anzisha jozi tatu za waya, kila moja chanya yake na hasi yake: ya kwanza kwenda kwenye servo, ya pili kwenye pini za 5V na GND za bodi, ya tatu kwenye relei. Zigawanyike hapo kwenye adapta, zisipitiane. Mkondo mkubwa wa servo ukipita kwenye waya wake peke yake, volti unazozipoteza haziwi za bodi. Tumia waya wa 22AWG au 20AWG, na usizidishe urefu. GND zote zikutane, la sivyo ishara kutoka kwenye bodi haina pa kurejelea na servo zitatikisika ovyo. Kwa waya wa ishara peke yake, zile nyaya nyembamba za kuchomeka zinatosha.

Kwenye programu, usiziamuru servo mbili kwa wakati mmoja kama hakuna ulazima. Ianze moja, subiri milisekunde 300, ndipo nyingine. Na iache waifai imalize kujiunga kabla servo hazijaguswa. Hilo halikugharimu chochote, na linapunguza kilele cha mkondo wa servo karibu nusu.

Pampu nayo: kama ni ndogo ya volti 5 na inalishwa na adapta hiyohiyo, soma kwenye lebo yake inavuta kiasi gani na uijumlishe, au bora zaidi uipe adapta yake, kwa kuwa relei inakuruhusu kuitenga kabisa. Weka dayodi ya 1N4007 sambamba na mota ya pampu, upande wenye mstari ukielekea chanya. Mota inapozimwa hurudisha mpigo wa volti za kinyume, na mpigo huo nao huangusha bodi. Ukiona inajizima hasa relei inapoachia, anza kutazama hapo. Dayodi hii ni ya pampu ya mkondo mnyoofu (DC) tu.

Kama adapta yako ya volti 12 ni nzuri na hutaki kuitupa, inafaa. Tafuta moduli ya kushusha volti ya LM2596. Haigeuzi tofauti yote kuwa joto, kwa hiyo kupata ampea 2 za volti 5, yaani wati 10, inahitaji karibu ampea 1 tu ya volti 12. Ihakikishe adapta ina ampea 1.5 au zaidi. Kichipu kimeandikiwa ampea 3, lakini kwenye zile moduli ndogo, ukikaa karibu na ampea 2 kwa muda mrefu kipatie kipoza joto. Jambo la kutosahau: rekebisha volti za kutoka kabla hujaunganisha bodi. Ile skrubu ndogo ya shaba inaweza kuzunguka raundi nyingi bila namba kusogea, kisha ghafla ikaanza kushuka. Iweke kwenye 5.1, zima, washa tena, pima mara ya pili, ndipo uunganishe. Kati ya njia hizi mbili mimi ningeanza na adapta ya volti 5: sehemu chache, makosa machache.

Benki ya chaji (power bank) nayo inawezekana, ila nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinavuta kidogo mno, na ESP32 iliyolala inavuta kidogo mno. Ukiona mradi wako unakufa usiku ukiwa umetulia na kufufuka ukibonyeza kitufe, ndiyo hiyo. Seli moja ya lithiamu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye VIN haitakufaa kwa sababu huanzia volti 4.2 na kushuka, na umeshaona AMS1117 inataka nini.

Usilishe bodi kwa njia mbili pamoja. USB peke yake, au pini ya 5V, au pini ya 3V3; moja tu. Ukitaka kupakia programu, chomoa adapta kwanza, na chomoa servo pia. Na kamwe usipeleke volti 5 kwenye pini ya 3V3, hapo hakuna kidhibiti cha kukulinda.

Sasa swali lako la kama bodi imekufa. Chomoa kila kitu. Umeme ukiwa umezimwa, weka multimita kwenye omu, pima kati ya 3V3 na GND. Mamia au maelfu ya omu ni dalili njema. Omu moja au mbili ni shoti, na bodi hiyo usiiwashe. Kama hakuna shoti, ichomeke kwenye USB peke yake na upime pini ya 3V3: kati ya 3.2 na 3.4 ni salama. Ikizidi 3.6, chomoa hapohapo. Kidhibiti kimeungua na kinapitisha volti nyingi hadi kwenye moyo wa bodi. Wakati mwingine kidhibiti pekee ndicho kimekufa na kinabadilishika, lakini kile kibao chake cha chuma kimelehemiwa kwenye shaba inayokula joto, na bila mashine ya hewa moto utang'oa njia za bodi. Mpelekee fundi wa kielektroniki mwenye vifaa.

Kuna mambo mengine ya kumwona fundi bila kusubiri. Kama pampu yako ni ya umeme wa nyumbani, nyaya za upande ule wa relei zifungwe na fundi umeme aliyeidhinishwa, ndani ya boksi lililofunikwa, zikiwa mbali na maji na zikiwa na fyuzi. Volti zile zinaua, na nafasi kati ya njia za moduli nyingi za relei ni finyu mno kwa mahali penye unyevu. Adapta inayonguruma, inayonuka kuungua, au inayokutekenya ukigusa upande wake wa volti 5, iondoe kwenye matumizi. Seli ya lithiamu iliyovimba, usiitoboe wala kuichaji. Ipeleke wanakopokea betri chakavu.

Ukishafunga kama nilivyoeleza na bado inajizima, niandikie namba nne: volti kwenye ncha ya adapta servo zikizunguka, volti kwenye pini ya 5V ya bodi wakati huohuo, volti kwenye 3V3, na jibu la esp_reset_reason(). Taja pia pampu ni ya volti ngapi.